Juliasi Kaizari: mambo ya kujua kabla ya kusoma au kusikiliza tamthilia hii

Wasikilizaji wetu wa Bukoba na Muleba, tangu tulipoitaja tamthilia ya Juliasi Kaizari katika kipindi cha vitabu, maswali mnayotutumia yanafanana. Je, huyu ndiye Kaisari wa kwenye Biblia? Aliuawa kwa kosa gani? Na Mwalimu Nyerere aliingiaje kwenye mchezo ulioandikwa na Mwingereza? Tumeona tuandike majibu hapa, ili mwenye simu asome kwa nafasi yake na kumsomea asiye nayo.

Tamthilia yenyewe haielezi mambo haya. Mwandishi wake, William Shakespeare, aliwaandikia watu ambao habari za Roma walikuwa wamezisikia tangu shuleni, kwa hiyo anakurusha katikati ya mambo bila kukupa usuli. Ukiingia hivyo hivyo utaona watu wenye heshima zao wanamchoma visu rafiki yao, na utamaliza ukijiuliza walikuwa na kichaa gani.

Jina lenyewe

Tuanze na la Biblia. Kaisari wa kwenye sarafu, yule ambaye Yesu aliulizwa habari za kumlipa kodi, si huyu. Juliasi wetu aliuawa mwaka 44 KK (kabla ya Kristo), takribani miaka 40 kabla ya Yesu kuzaliwa. Kaisari lilikuwa jina la ukoo wake. Aliyemrithi akalichukua, na waliomfuata nao wakalichukua, hadi jina la mtu likageuka kuwa cheo, kama ambavyo watu husema leo "Rais".

Cheo hicho kilisafiri mbali. Wajerumani walimwita mfalme wao mkuu Kaiser, neno lililotokana na jina hilo hilo. Bukoba ilikuwa kituo cha Wajerumani tangu mwaka 1890, kwa hiyo mababu zetu waliolipa kodi ya Mjerumani walikuwa chini ya mtu aliyebeba jina la huyu Mrumi. Sisi watu wa redio tuna sababu nyingine ya kuukumbuka utawala ule: Juni 1915 Waingereza walivuka ziwa wakaushambulia mji wa Bukoba, na shabaha yao kubwa ilikuwa kituo cha simu ya upepo kilichokuwa hapo. Waliubomoa mnara wake.

Jina Juliasi nalo unalitamka kila mwaka bila kujua. Mwezi wa Julai umeitwa hivyo kwa heshima yake, mwaka ule ule aliouawa. Yeye ndiye aliyeinyoosha kalenda ya Roma, iliyokuwa imepotoka hata miezi haikulingana tena na majira. Mwaka 46 KK ulirefushwa ukawa na siku 445 ili kuirekebisha, na kuanzia mwaka 45 KK ikatumika kalenda ya siku 365 na mwaka mrefu kila baada ya miaka minne. Hata Sabasaba yetu iko ndani ya mwezi wa Kaizari.

Kwa nini neno "mfalme" liliwatisha

Hapa ndipo penye ufunguo wa mchezo mzima.

Kwa masimulizi ya Warumi, mji wao ulitawaliwa zamani na wafalme. Wa mwisho alikuwa mkatili, na karibu mwaka 509 KK wakamfukuza. Aliyewaongoza katika kazi hiyo aliitwa Lucius Junius Brutus. Baada ya hapo wakaapa kutokuwa na mfalme tena. Mahali pake waliweka viongozi wawili waliotawala kwa mwaka mmoja tu, kila mmoja akiwa na uwezo wa kumzuia mwenzake. Ikitokea hatari kubwa, mtu mmoja aliweza kupewa madaraka yote, naye aliitwa dikteta, lakini kwa muda usiozidi miezi sita. Kumwambia Mrumi kwamba anataka ufalme lilikuwa tusi na shitaka la kifo kwa wakati mmoja.

Kwa watu wa Kagera hili si gumu kulielewa. Huku kila himaya ilikuwa na Omukama wake: Ihangiro iliyo Muleba ya leo, Kianja, Kiziba iliyoko Missenyi, Karagwe na nyinginezo. Kwa Kihaya neno hilo hilo la Omukama tunalitumia kumwita Bwana Mungu, na hilo peke yake linakuonyesha uzito wake. Wapo waliopendwa, na nyimbo za enanga bado zinawasifu mashujaa na watawala wa kale. Lakini waulize wazee habari za nyarubanja. Mtawala alimkatia mtu wake sehemu ya ardhi pamoja na familia zilizokuwa zikiishi juu yake, na kuanzia siku hiyo mwenye kibanja, aliyepanda migomba yake kwa mikono yake, anakuwa mpangaji katika shamba alilorithi kwa baba yake. Utumishi na ushuru unampelekea mwenye nyarubanja, na ukigombana naye hujui utalala wapi. Mfumo huo ulikuja kufutwa kwa sheria miaka ya 1960.

Sasa chukua hofu ya mtu wa nyarubanja, izidishe kwa miaka karibu 500 ya kufundishwa tangu utotoni kwamba mfalme ni adui. Hapo umewafahamu waliomuua Kaizari.

Mtu mwenyewe

Kaizari alizaliwa mwaka 100 KK katika ukoo wa zamani ambao utajiri ulikuwa umeupungukia. Alikuwa msemaji mzuri, mkopaji mkubwa, na jemadari hodari kuliko karibu wote wa wakati wake. Kuanzia mwaka 58 KK alipigana karibu miaka minane katika nchi iliyoitwa Gaul, ambayo leo ni Ufaransa na Ubelgiji. Akarudi na mali nyingi na jeshi lililomtii yeye kuliko lilivyoitii serikali.

Seneti, yaani baraza la wakubwa wa Roma, ikamwamuru aliache jeshi ndipo arudi mjini. Alijua akirudi mikono mitupu maadui zake watampeleka mahakamani. Januari 49 KK akavuka na askari wake kijito kiitwacho Rubicon, ambacho kwa sheria jemadari hakuruhusiwa kukivuka na jeshi. Hapo vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza. Mpinzani wake mkuu alikuwa Pompey, aliyewahi kuwa mkwewe, kwa sababu alimwoa binti ya Kaizari. Pompey alishindwa mwaka 48 KK, akakimbilia Misri, akauawa aliposhuka tu kwenye mashua.

Kumbuka jina la Pompey, kwa maana mchezo unaanza na kivuli chake. Mafundi na wachuuzi wa Roma wamevaa nguo za sikukuu kumshangilia Kaizari aliyewashinda wana wa Pompey, na viongozi wawili wanawakemea: si ninyi mliokuwa mkipanda juu ya mapaa kumshangilia Pompey huyo huyo? Wanatawanyika kimya. Shakespeare anakuonyesha mapema kundi hili lilivyo, kwa sababu baadaye atalihitaji.

Kaizari alikuwa na tabia moja ya ajabu kwa mshindi: alisamehe. Brutus na Cassius, wakuu wa njama ya kumuua, wote wawili walikuwa upande wa Pompey na wote wawili aliwasamehe na kuwapa vyeo. Aliwagawia ardhi askari wastaafu na akapunguza mzigo wa madeni. Lakini Februari 44 KK alikubali kuwa dikteta wa maisha, na mwezi huo huo, mbele ya umati wa sikukuu, Mark Antony akamvika taji, naye akalisukuma. Wengine waliona amekataa ufalme. Wengine waliona anapima kina cha maji kabla ya kuingia.

Kwa maoni yetu, hapo ndipo mchezo unapopata nguvu. Hakuna mtu jukwaani anayeweza kuthibitisha kwamba Kaizari atakuwa mfalme. Brutus mwenyewe, anapokaa usiku peke yake akiwaza, anakiri kwamba hajaona kosa lolote alilokwisha kulitenda. Anamhukumu kwa jambo ambalo huenda akalitenda.

Visu

Brutus wa kwenye mchezo, Marcus Brutus, alijihesabu kuwa wa ukoo wa yule Brutus aliyemfukuza mfalme wa mwisho. Cassius anaijua sehemu hiyo laini na anaigusa. Usiku anaagiza barua zitupwe dirishani kwa Brutus, zimeandikwa kwa miandiko tofauti, zionekane zimetoka kwa raia wengi wanaomsihi aamke aiokoe Roma. Zote zimetoka kwa mtu mmoja. Ninyi mnaopokea jumbe za kusambazwa kwenye makundi ya simu, zisizo na jina la mwandishi, mtatabasamu hapo.

Usiku wa kuamkia mauaji kuna dhoruba ya radi ambayo mtu wa mwambao wa ziwa hahitaji kuelezwa. Calpurnia, mke wa Kaizari, anaota ndoto mbaya na kumsihi mumewe asitoke. Portia, mke wa Brutus, anataka kuambiwa siri inayomnyima mumewe usingizi. Wanawake hawa wawili wanaona mbali kuliko waume zao, na wote wawili hawasikilizwi kwa wakati.

Kaizari akauawa tarehe 15 Machi mwaka 44 KK, akiwa na miaka 55. Walioshiriki njama walizidi 60, na mwili wake ulikutwa na majeraha 23. Mganga aliyeukagua alisema ni jeraha moja tu kati ya hayo lililoweza kuua.

Shakespeare hakufuata historia neno kwa neno. Mauaji yalitokea katika jengo alilolijenga Pompey, naye ameyahamishia Capitol, kilima kitakatifu cha Roma. Mazishi yalifanyika siku chache baadaye, katika mchezo ni siku ile ile. Vita vya mwisho vilikuwa viwili, vimepishana karibu majuma matatu, naye amevifanya vya siku moja. Kuna hata saa inayogonga usiku wakati Warumi hawakuwa na saa za kugonga. Msichukue mchezo huu kama kitabu cha historia. Habari zake alizitoa kwa Plutarch, Mgiriki aliyeandika maisha ya wakuu, kitabu ambacho Thomas North alikichapisha kwa Kiingereza mwaka 1579.

Mchezo ulionyeshwa London mwaka 1599. Malkia Elizabeth wa Kwanza alikuwa na miaka 66, hana mtoto, na kujadili hadharani nani atamrithi ilikuwa hatari. Kuzungumzia Roma ya kale ilikuwa njia salama ya kuuliza maswali ya nyumbani. Watu wa wakati ule walisema wanakwenda "kusikia" mchezo, na sisi wa redio tunawaunga mkono: huu ni mchezo wa masikio.

Hotuba mbili mazishini

Baada ya mauaji, Brutus anafanya kosa ambalo Cassius anamwonya asilifanye. Anamruhusu Antony, rafiki wa Kaizari, azungumze kwenye mazishi. Anaamini ukweli ukishasemwa vizuri mara moja unatosha.

Brutus anatangulia. Anaongea kwa maneno yaliyopangwa sawasawa, kwa hoja: nilimpenda Kaizari, lakini niliipenda Roma zaidi. Watu wanaelewa. Wanaelewa vibaya hata hivyo, kwa sababu mmoja wao anapiga kelele kwamba sasa Brutus ndiye awe Kaizari. Ameua ili pasiwepo mfalme, nao wanataka kumvika taji yeye. Sentensi hiyo moja ya mtu asiye na jina ndiyo jambo la kuogofya kuliko yote katika mchezo huu, na wasomaji wengi huipita mbio.

Kisha Antony. Hakatai neno lolote la Brutus. Anawasifu wauaji kwa heshima, anarudia sifa hiyo, anairudia tena, mpaka inageuka kuwa tusi bila yeye kubadilisha neno. Anawaambia kuna wosia, kisha anakataa kuusoma, hadi wenyewe wanamlazimisha. Anashuka, anawaonyesha vazi lililotobolewa na visu, tundu moja moja. Mwisho anawafunulia mwili. Anapofika kwenye wosia wenyewe, kwamba Kaizari amemwachia kila raia fedha na kuwaachia wote bustani zake, mji umekwisha kuwaka moto. Yeyote anayeshika kipaza sauti, mtangazaji, mwanasiasa au mhubiri, inampasa kuisoma hotuba hiyo polepole.

Mara tu baada ya hapo kuna onyesho fupi ambalo mtu anaweza kulipita bila kuliona. Mshairi mmoja aitwaye Cinna anatembea njiani. Kundi linamkamata, linamuuliza jina. Kati ya wauaji wa Kaizari yumo Cinna mwingine. Anawaambia mimi ni Cinna mshairi, siye huyo mnayemtafuta. Wanamuua kwa sababu ya jina. Tumesoma taarifa nyingi hewani zinazosema "wananchi wenye hasira kali", na kila tukifika kwenye onyesho hili tunamkumbuka aliyekuwa upande wa pili wa taarifa ile.

Brutus na Cassius wanakimbia Roma. Mwaka 42 KK wanashindwa karibu na mji wa Filipi, ule ule ambao baadaye Mtume Paulo aliwaandikia Waraka kwa Wafilipi, na wote wawili wanajiua. Jamhuri waliyotaka kuiokoa haikurudi. Washindi waligombana wao kwa wao, na aliyebaki mwisho alikuwa kijana Octavius, mrithi wa Kaizari. Mwaka 27 KK akapewa jina la heshima la Augusto. Huyo mnamfahamu, msikilizaji. Ndiye Kaisari Augusto anayesomwa kila Krismasi, aliyetoa amri watu wote waandikwe.

Mwalimu na Kaizari

Julius Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922. Baba yake, Burito Nyerere, alikuwa chifu wa Wazanaki. Jina la Julius alilipata alipobatizwa mwaka 1943. Alisoma Makerere, kisha Edinburgh nchini Uingereza, na tafsiri yake ya mchezo huu ilichapishwa na Oxford University Press mwaka 1963, akiwa tayari rais. Toleo la kwanza liliitwa Julius Caezar, jina ambalo halikuwa Kiingereza wala Kiswahili kamili. Alilipitia upya, na mwaka 1969 likatoka kama Juliasi Kaizari. Mwaka huo huo alitoa Mabepari wa Venisi, mchezo mwingine wa Shakespeare. Hakuwa peke yake: Samuel Mushi naye alitafsiri Makbeth na Tufani miaka hiyo. Ilikuwa kazi ya kuonyesha kwamba Kiswahili, ambacho wakoloni walikitumia zaidi kwa amri na kodi, kinabeba fikra nzito.

Lakini angalia mwaka wenyewe. Ni mwaka 1963 ambapo serikali ya Tanganyika ilifuta kwa sheria mamlaka ya machifu, Abakama wetu wakiwemo. Mtoto wa chifu anazifuta ngoma za machifu, na mwaka huo huo anawapa wananchi, kwa lugha yao, mchezo unaouliza itakuwaje mtu mmoja akipendwa kupita kiasi baada ya wafalme kuondoka. Jina la mtu huyo ni Julius, kama lake.

Januari 1964 askari wa Dar es Salaam waliasi, na Mwalimu ikabidi afichwe. Mwaka 1965 nchi ikawa ya chama kimoja. Aprili 1972 Mzee Karume akapigwa risasi akafa huko Zanzibar. Swali la mchezo halikuwa la Warumi peke yao tena.

Nasi wa Kagera tulilisikia kutoka upande wa kaskazini. Tarehe 25 Januari 1971 Milton Obote alipinduliwa na Idi Amin akiwa safarini Singapore. Watu wengi walishangilia katika mitaa ya Kampala siku ile. Amin hakuwa Brutus, hatulinganishi mioyo yao. Tunazungumzia shangwe. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka mpaka, yakaikalia ardhi iliyo kaskazini ya Mto Kagera, daraja la Kyaka likabomolewa na familia zikakimbia na walichoweza kubeba. Kampala ilikombolewa tarehe 11 Aprili 1979. Baadhi yenu mnaosoma hapa mlikuwa kwenye msafara huo wa kukimbia.

Mwalimu aliondoka madarakani kwa hiari yake mwaka 1985, baada ya zaidi ya miaka 20. Wapo wanaosema alikaa mno, wapo wanaosema kuondoka kwake ndilo jibu lake kwa Kaizari. Sisi tunaona yote mawili yana ukweli, na aliyeutafsiri mchezo huu mara mbili hawezi kuwa hakuliwaza.

Ukipata kitabu, usianze mwanzo kama ni mara yako ya kwanza. Mchezo una matendo matano. Fungua tendo la tatu, tafuta onyesho la hotuba, na msome kwa sauti mkiwa watatu: mmoja Brutus, mmoja Antony, na wa tatu, ikiwezekana yule mwenye sauti kubwa kuliko wote nyumbani, awe umati. Kisha rudini mwanzo, kwa wale mafundi waliovaa nguo za sikukuu.